Somo la Mwezi: Mitambo ya Kuzoa Plastiki Baharini



Katika somo la mwezi huu tutajifunza habari za mitambo inayotumiwa kuzoa plastiki baharini. Nimechagua habari hizi kwa sababu ya neno moja linalosikika sana siku hizi katika parishi yetu, hasa zinapokaribia zile Jumamosi zetu za kusafisha ufuko. Watu husema, "Kwa nini tuiname juani na magunia, na hali Wazungu wamekwisha kutengeneza mashine ya kuzoa plastiki yote iliyomo baharini?" Neno hilo limewafanya wengine wabaki nyumbani.

Si neno la kudharauliwa, kwa maana mashine hizo zipo kweli, na waliozitengeneza ni watu wa bidii. Lakini kabla mtu hajakaa kitako akingoja mashine imfanyie kazi, yafaa aijue: inafanya nini, wapi, na kwa kiasi gani. Tutagawa somo letu katika sehemu tano. Mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, maana kutakuwa na hesabu kidogo.

1. PLASTIKI HUKUSANYIKA WAPI?

Maji ya bahari hayatulii. Sisi watu wa pwani twajua kusi na kaskazi, twajua maji kujaa na kupwa. Lakini katika bahari kuu iko pia mikondo mikubwa izungukayo kwa maelfu ya kilometa, ikisukumwa na pepo za kudumu na kupindishwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Mizunguko mikubwa ya namna hiyo ni mitano: miwili katika Pasifiki, miwili katika Atlantiki, na mmoja katika Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua beseni la maji, nyunyizia pumba chache za mpunga juu yake, kisha koroga kwa kuzungusha mwiko. Ukiutoa mwiko, utaona pumba zinasogea na kukusanyika katikati. Nguvu za baharini ni nyingine na ni kubwa zaidi, lakini matokeo hufanana: vitu vinavyoelea hujikusanya katikati ya mzunguko na kukaa humo miaka mingi.

Mzunguko unaojulikana zaidi kwa taka zake uko Pasifiki ya Kaskazini, kati ya visiwa vya Hawaii na jimbo la California, Marekani. Mwaka 1997 nahodha mmoja, Charles Moore, alikuwa akirudi California kutoka Hawaii baada ya mashindano ya mashua za matanga. Alipita humo, akaona vipande vya plastiki siku baada ya siku, mbali kabisa na nchi kavu. Habari alizozitoa ziliwafungua wengi macho.

Mwaka 2018 wataalamu walichapisha vipimo vyao. Walisema eneo hilo lina ukubwa wa kilometa za mraba milioni 1.6, yaani kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa. Plastiki inayoelea humo waliikadiria kuwa si chini ya tani 79,000, nayo imekatikakatika vipande vipatavyo trilioni 1.8. Karibu nusu ya uzito huo, asilimia 46, ni nyavu za kuvulia zilizopotea au kutupwa.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kuna kisiwa cha takataka ambacho mtu aweza kutembea juu yake. Sivyo. Tufanye hesabu. Tani 79,000 ni kilo milioni 79. Tukizigawa kwa kilometa za mraba milioni 1.6, twapata kilo 49 hivi katika kila kilometa ya mraba. Na kilometa moja ya mraba ina hekta 100. Kwa hiyo kila hekta, ambayo ni kama eka mbili na nusu, ina nusu kilo tu ya plastiki! Tena, kati ya vipande mia, 94 ni vidogo kuliko nusu sentimeta, ingawa uzito wa hivyo vidogo vyote ni asilimia 8 tu ya uzito wote. Mtu aweza kupita na meli katikati ya eneo hilo asione ila maji. Ishikeni hesabu hii ya nusu kilo kwa hekta, tutaihitaji mbele.

2. KIJANA WA UHOLANZI NA UZIO UNAOELEA

Mashine ambayo watu wengi wameiona katika picha ni ya shirika liitwalo The Ocean Cleanup. Mwanzilishi wake ni Boyan Slat, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1994. Akiwa na umri wa miaka 16 alikwenda kupiga mbizi huko Ugiriki, akaona plastiki nyingi kuliko samaki. Mwaka 2012 alieleza fikra yake katika hotuba mjini Delft, na mwaka 2013, akiwa na miaka 18, alianzisha shirika lake.

Fikra yake ya kwanza ilikuwa hivi: badala ya meli kuikimbilia plastiki huku na huko, bahari yenyewe iachwe iilete plastiki. Uwekwe uzio mrefu unaoelea, wenye pazia linaloning'inia chini ya maji, ulipinde umbo la herufi U. Upepo na mawimbi viusukume uzio huo, nao uikumbe plastiki iliyo mbele yake kama vile ufagio mpana unavyokumba majani uani.

Mwezi wa Septemba 2018 uzio wa kwanza ulivutwa kutoka San Francisco kwenda bahari kuu. Urefu wake ulikuwa meta 600, na pazia lake lilishuka meta 3. Ulielea vizuri, lakini plastiki haikukaa ndani yake. Iliingia, kisha ikatoka tena. Kabla mwaka haujaisha, kipande cha mwisho chenye urefu wa meta 18 kilikatika. Mwezi wa Januari 2019 uzio ulikuwa umekokotwa hadi Hawaii kwa matengenezo.

Kosa lilikuwa wapi? Hapa pana somo zuri la mwendo. Mvuvi akiuacha wavu wake uchukuliwe na mkondo kwa mwendo ule ule wa kitu anachotaka kukinasa, hatanasa kitu. Ili kitu kinaswe, lazima mtego na kinachotegwa vitofautiane mwendo. Uzio ule na plastiki vilisukumwa na upepo ule ule, mawimbi yale yale na mkondo ule ule. Wakati mwingine uzio ulitangulia, wakati mwingine plastiki ilitangulia. Basi mwaka huo wa 2019 mafundi waliufunga mwavuli mkubwa ndani ya maji, mfano wa miavuli ya askari warukao kutoka katika ndege, ili uupunguzie uzio mwendo na plastiki iukute kwa nyuma. Mwezi wa Oktoba 2019 walitangaza kwamba sasa uzio unashika.

Hata hivyo mavuno hayakutosha. Mwaka 2021 waliiacha fikra ya kuiachia bahari kazi yote. Walitengeneza uzio mwingine wa meta 800 hivi, ukakokotwa na meli mbili, moja kila upande, kama wavuvi wawili wanaovuta juya. Mwaka 2023 walipeleka ulio mrefu zaidi, wa kilometa 2.2 hivi. Meli huuvuta polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Plastiki huteleza kando ya uzio hadi kwenye mfuko mkubwa ulio nyuma. Mfuko ukijaa, hupandishwa melini, taka zikachambuliwa na kurudishwa nchi kavu. Ndani ya maji mna kamera za kuangalia, na katika mfuko umewekwa mlango wa dharura ili kasa akinaswa afunguliwe njia.

3. MPAKA WA KAZI YA MTAMBO

Sasa turudie hesabu yetu. Tuchukue mtambo wa mfano ambao mdomo wake una upana wa kilometa 1, unaovutwa kilometa 2.5 kwa saa, mchana na usiku. Kwa siku moja utafagia 1 × 2.5 × 24, yaani kilometa za mraba 60. Kila kilometa ya mraba ina kilo 49. Kwa hiyo katika siku moja utakusanya karibu tani 3. Kulipitia eneo lote la kilometa za mraba 1,600,000 mara moja tu, mtambo huo utahitaji siku 26,667, yaani zaidi ya miaka 73 bila kupumzika.

Wenye mtambo wanalijua hilo. Ndiyo maana wanatafuta mahali plastiki ilipojazana zaidi, wapite hapo kwanza, na wanataka mitambo iwe mingi. Kwa haki yao tuseme kwamba hesabu yetu ni ya wastani, na wao hawafanyi kazi kwa wastani. Lakini hata hivyo hesabu inatuonyesha ukubwa wa kazi.

Yako na mambo mengine matatu ya kupima.

Kwanza, meli hutumia mafuta, na safari ya kufika katikati ya Pasifiki ni ya siku nyingi.

Pili, uso wa bahari si mahali patupu. Wapo viumbe waishio maisha yao yote wakielea juu ya maji. Yuko yavuyavu mdogo wa buluu mwenye kitanga mgongoni. Yuko konokono wa rangi ya zambarau ambaye hujitengenezea chelezo cha mapovu ili asizame. Viumbe hawa nao hupelekwa na upepo na mikondo ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanapatikana kwa wingi mahali pale pale ilipojaa plastiki. Kwa hiyo anayefagia taka ana hatari ya kuwafagia na hao, na wako wataalamu wa viumbe vya baharini waliolalamika waziwazi juu ya jambo hilo.

Tatu, uzio hushika kinachoelea. Plastiki nyingi huzama, au husagika kuwa vumbi jembamba, au hurudishwa ufukoni na mawimbi. Iliyokwisha kuzama kilindini haifikiwi na uzio wowote.

4. KUNGOJEA MTONI

Mwindaji mwenye akili hamfuati mnyama porini kote. Humngoja kwenye njia yake. Plastiki nyingi ina njia inayojulikana: hutoka mtaroni ikaingia kijitoni, kutoka kijitoni ikaingia mtoni, na mto huimwaga baharini. Utafiti mmoja wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mito ya dunia huingiza baharini kati ya tani 800,000 na tani milioni 2.7 za plastiki kila mwaka, na kwamba asilimia 80 ya hizo hupitia katika mito ipatayo elfu moja na kitu. Linganisheni: hata tukishika kadirio la chini, mito huingiza kwa mwaka mmoja mara kumi ya uzito wote unaoelea katika lile eneo la Pasifiki!

Kwa sababu hiyo mitambo mizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile iliyowekwa mitoni.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, tangu mwezi wa Mei 2014 liko gurudumu la maji kwenye mlango wa mto Jones Falls. Linafanana na yale magurudumu ya zamani ya kusagia nafaka. Mkondo wa mto hulizungusha. Mkondo ukiwa dhaifu, pampu zinazoendeshwa kwa nguvu za jua huyapandisha maji juu yake. Gurudumu huendesha reki na mkanda, na mkanda hubeba taka kutoka majini hadi katika pipa kubwa lililo juu ya tishali. Wenyeji wamelitilia macho mawili makubwa, na watoto hulipenda kama mnyama wao.

Shirika lile la Boyan Slat nalo liligeukia mitoni. Mwezi wa Oktoba 2019 lilionyesha tishali linalotumia nguvu za jua, ambalo huelekezewa taka kwa uzio na kuzipandisha kwa mkanda. Ya kwanza yaliwekwa Jakarta, nchini Indonesia, na katika mto Klang, nchini Malaysia. Amsterdam, tangu mwezi wa Novemba 2019, wametumia njia nyingine: bomba lenye matundu limelazwa mshazari chini ya mfereji wa maji, na hewa inapopulizwa ndani yake mapovu hupanda kama pazia. Mapovu huinua plastiki na kuisukuma kando penye chombo cha kuipokea, na huku samaki na mashua zapita.

Si kwamba mitoni hakuna shida. Katika mto Las Vacas, nchini Guatemala, mvua ikinyesha mji mkuu hushusha mafuriko ya takataka tupu, hata maji hayaonekani. Mwaka 2022 waliweka ukuta wa wavu wa chuma. Taka zikajazana, maji yakachimba misingi ya nguzo, na mzigo ukaponyoka. Mwaka 2023 walirudi na vizuizi vinavyoelea, vikashika.

5. HABARI HIZI ZATUHUSU NINI SISI?

Huenda mtu akasema, "Jakarta ni mbali." Ni mbali kwa ndege, lakini kwa mkondo wa bahari ni jirani yetu. Kusini ya ikweta uko mkondo unaotoka upande wa Indonesia, ukavuka Bahari ya Hindi kuja magharibi hadi pwani ya Afrika. Watafiti waliookota chupa katika fukwe za Kenya walikuta nyingine zimetoka Indonesia. Kwa hiyo taka inayozuiwa mtoni kule ni taka isiyofika kwetu. Na taka tunayoiachia sisi huenda ikaokotwa na mtoto wa mtu mwingine, ng'ambo tusikokujua.

Nchi zetu hazikulala. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania Bara mwezi wa Juni 2019. Kule Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyotumika, wakalipamba kwa kandambili zilizookotwa. Liliitwa Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018, na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mjini Nairobi, mwezi wa Machi 2022, mataifa yalikubaliana kuanza kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Lakini mazungumzo ya Geneva ya mwezi wa Agosti 2025 yalikwisha bila mapatano. Basi mkataba tusiungojee kama vile tusivyopaswa kuingojea mashine.

Tumefika sasa kwenye hesabu ya mwisho. Tuseme mtu mmoja akienda ufukoni asubuhi aweza kujaza gunia la plastiki la kilo 10. Katikati ya Pasifiki hekta moja ina nusu kilo. Kwa hiyo gunia la mtu huyo ni sawa na hekta 20 za bahari kuu. Watu 30 wenye magunia 30 ni kilo 300, yaani sawa na kilometa za mraba 6, au sehemu ya kumi ya kazi ya mtambo wetu wa mfano kwa siku nzima. Nao hawakuchoma mafuta ya meli, wala hawakuua konokono wa zambarau.

Hilo ndilo jibu kwa wale wanaosema tusijisumbue. Mashine ya bahari kuu haiji kwenye ufuko wetu. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kazi yake ni ile tusiyoiweza sisi kwa mikono, kama kuzitoa zile nyavu kubwa zilizopotea ambazo huendelea kunasa kasa na samaki hali hakuna mvuvi. Kwa kazi hiyo tuiombee heri. Lakini kila mfuko unaookotwa mtaroni ni mfuko usiohitaji meli mbili na uzio wa kilometa mbili. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mtaro ulio nyuma ya nyumba, na mvua za masika haziuachi.

Kwa hiyo ufuateni mpango huu, kutoka kilicho rahisi hadi kilicho kigumu: (a) usinunue plastiki usiyoihitaji, chukua kikapu, (b) usitupe mtaroni, wala usimwachie mtoto atupe, (c) safisheni mtaro kabla ya mvua, si baada yake, (d) okoteni ufukoni kabla maji kujaa hayajaichukua, (e) kilichokwisha kwenda kilindini waachiwe wenye meli.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA VIKUNDINI

1. Kwa nini uzio wa mwaka 2018 haukuweza kuishika plastiki? Eleza kwa mfano wa uvuvi unaoujua.

2. Je, ni haki kuwaua viumbe wadogo waeleao ili kuondoa plastiki iwauayo viumbe wakubwa? Kila mmoja atoe sababu zake.

3. Karibu nusu ya uzito wa taka za Pasifiki ni nyavu. Wavuvi wa hapa kwetu hufanya nini na nyavu zilizochakaa? Waulizeni.

4. Taja mtaro au kijito kinachopita karibu na nyumba yako. Kinamwaga wapi? Kifuateni kwa miguu hadi mwisho wake, mkaandike mlichokiona.

5. Hesabu: Siku ya kusafisha ufuko pimeni magunia yote kwa mizani. Mkikumbuka nusu kilo kwa hekta, mmesafisha sawa na hekta ngapi za bahari kuu? Jibu lenu libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, pamoja na idadi ya waliohudhuria.